UZI: Vyombo vya udongo vya kurithi, jinsi ya kujua kiwanda, miaka na safari yake mpaka kabatini kwenu

Geuza_Sahani

Wakuu salaam. Kila mara naona mtu anapost picha ya sahani aliyoachiwa na bibi yake, anauliza ni ya mwaka gani, na jibu la kwanza linalokuja ni bei. Bei tuiache kabisa kwenye uzi huu. Nataka tujue chombo kilitoka kiwanda gani, miaka ipi, na kilifikaje kwa familia, maana hayo ndio wazee wakiondoka nayo hakuna pa kuyapata tena.

Kitu cha kwanza naomba mkishike: msichukue sahani moja mkaifanya shahidi wa seti nzima. Geuza KILA kipande, mpaka visahani vya vikombe na mifuniko ya mabakuli. Seti nyingi za zamani hazikununuliwa siku moja, watu walikuwa wanaanza na vipande vichache, wanaongeza kila wakijaliwa, kimoja kikivunjika wanatafuta kinachofanana nacho. Marekani miaka ya 1930, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, kumbi za sinema zilikuwa na usiku maalum wa vyombo, unakata tiketi unapewa kipande kimoja, wiki inayofuata unarudi kuchukua kingine, hivyo hivyo mpaka mama wa nyumba anakamilisha meza yake. Vingine vilikuwa vinatoka ndani ya boksi la shayiri la Quaker. Sasa seti ya namna hiyo utaipa mwaka mmoja kweli?

Haya, tuje kwenye muhuri wa chini. Kuna sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, inaitwa ya McKinley, ilianza kufanya kazi 1891, ikalazimisha bidhaa zinazoingia nchini humo ziandikwe zimetoka nchi gani. Ndio maana sahani ya Uingereza yenye neno England kwa kawaida ni ya kuanzia 1891, na ikiandikwa Made in England mara nyingi ni ya karne ya 20. Vya Japani viliandikwa Nippon tangu 1891 mpaka 1921, baada ya hapo Marekani wakataka neno Japan. Ukikuta Occupied Japan ni ile miaka ya baada ya vita nchi ikiwa chini ya majeshi washindi, ikaisha 1952. West Germany haiwezi kuwa kabla ya 1949 na Czechoslovakia haiwezi kuwa kabla ya 1918 kwa sababu nchi zenyewe hazikuwepo.

Mnaona hapo muhuri unafanya nini, unakuambia chombo HAKIWEZI kuwa cha kabla ya mwaka fulani, basi. Mwaka wenyewe hasa ni viwanda vichache vilivyouandika, na hata hivyo kwa lugha yao ya ndani. Royal Doulton kwa mfano, kuanzia 1928 waliweka kinamba kidogo pembeni ya simba na taji, unachukua namba hiyo unajumlisha 1927, kwa hiyo ukikuta 9 ni 1936. Wedgwood walikuwa wanagandamiza herufi tatu kwenye udongo kuanzia 1860 na moja ya hizo ni ya mwaka. Minton walikuwa na vialama vyao vya kila mwaka toka 1842 mpaka 1942. Homer Laughlin wa Marekani kuna kipindi waliandika herufi ya mwezi, halafu tarakimu mbili za mwaka, halafu kiwanda, mfano D 46 N 8, hapo D ni mwezi wa nne na 46 ni 1946. Mtu asiyejua anapita juu ya hiyo mistari akidhani ni namba ya stoo.

Wekeni picha zenu, za muhuri na za sahani yenyewe kwa mbele. Na kama alama imegandamizwa tu bila wino usipige picha kwa flashi, inaimeza. Zima taa, laza tochi pembeni kabisa ya sahani mwanga upite kwa ubavu, utaona herufi zinajitokeza. Au weka karatasi nyembamba juu yake usugue taratibu na penseli.

binti_wa_kwanza

Asante sana kaka kwa uzi. Mimi nimeachiwa na shangazi seti ya maua ya waridi ya pinki, maua yenyewe yameinuka ukipitisha kidole unayasikia, na mikono ya vikombe ni kama kijiti cha mti. Nyumbani wote tumekua tukiambiwa ni zawadi ya harusi yake ya 1952. Sasa nimefanya ulivyosema nikageuza vyote, sahani kubwa karibu zote zimeandikwa Franciscan na Made in California, ila vikombe kadhaa na bakuli moja zimeandikwa England. Nimechanganyikiwa kwakweli, ina maana kuna mtu alidanganya?

Geuza_Sahani

Hakuna aliyedanganya dada, na nimefurahi umeleta hii maana ni mfano mzuri kuliko yote ambayo ningeweza kutunga. Hiyo inaitwa Desert Rose. Walioitengeneza ni Gladding, McBean & Co. wa Los Angeles, walianza kuiuza 1941. Ua linatoka kwenye kalibu tayari limeinuka, halafu mtu anakaa na brashi analipaka rangi kwa mkono kabla glezi, ile ngozi ya juu inayong'aa kama kioo, haijamwagwa, ndio maana ukilinganisha sahani mbili zako kwa karibu utaona jani moja rangi imevuka mstari kidogo na lingine limebaki na upande mweupe. Weka sahani mbili chini ya dirisha uangalie, kila moja ina mkono wa mtu wake.

Mwaka 1979 Wedgwood wa Uingereza wakainunua Franciscan, na 1984 kile kiwanda cha Los Angeles kikafungwa, kazi ikahamishiwa Uingereza. Kwa hiyo vipande vyako vyenye neno England ni vya baada ya hapo, haviwezi kuwa vya harusi ya 1952 hata kidogo, ila vile vya California vinakubaliana vizuri tu na habari ya harusi. Shangazi, au mtu aliyempenda, alikuwa bado anaongezea miaka zaidi ya thelathini baadae. Hebu uliza nyumbani nani alivunja vikombe, kwenye seti yoyote vikombe ndio vinaanza kuisha na sahani kubwa ndio zinabaki.

Kasuku7

Mkuu na mimi. Nina sahani za bluu na nyeupe, kuna daraja lenye watu watatu, mti umeinamia maji, juu ndege wawili wanaangaliana. Chini hazina kitu, weupe mtupu. Mzee wangu alikuwa anasema ni za Uchina na zina miaka mia mbili.

Geuza_Sahani

Huo mchoro ni wa Kiingereza mkuu japo sura yake ni ya Kichina. Unaitwa Willow, viwanda vya Staffordshire, jimbo la Uingereza, viliutoa mwishoni mwa karne ya 18, Spode wakiwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa miaka ya 1790, wakiiga vyombo vya bluu vilivyokuwa vinaagizwa kutoka Uchina. Baada ya hapo ukatengenezwa na mamia ya viwanda, Uingereza, Marekani, Japani, na mpaka leo unatengenezwa. Kwa hiyo mchoro peke yake hauwezi kukupa umri. Na kukosa muhuri kusikukatishe tamaa wala kusikupe furaha ya haraka, vyombo vingi vya zamani sana havikuwekewa alama, na vingi vya bei ya chini vya juzi juzi pia havikuwekewa.

Hapo ndio tunaacha kusoma tunaanza kushika. Fanya hivi. Simama na sahani mbele ya taa kali, weka vidole nyuma yake. Vikionekana kivuli chake basi ni kauri, ya kawaida au ile iliyochanganywa majivu ya mifupa ambayo ndio fahari ya Waingereza. Visipoonekana ni udongo wa kawaida au ule mgumu wa mawe. Kisha tafuta sehemu iliyomeguka au ule mduara wa chini ambao sahani inaukalia, hapo mara nyingi glezi haipo na unauona udongo wenyewe rangi yake, mweupe, wa krimu, wa kijivu. Angalia pia mgongoni au ukingoni kama kuna vidoti vitatu vitatu vya kukwaruza, hizo ni sehemu sahani ilipoegemezwa kwenye vishikio wakati inachomwa tanurini.

Halafu chukua lenzi uende kwenye mchoro. Bluu ya zamani ilichorwa kwenye bamba la shaba, ikachapwa kwenye karatasi nyembamba, karatasi ikabandikwa kwenye sahani na mfanyakazi, wengi wao wanawake na wasichana. Ukingo ulikuwa unabandikwa vipande vipande, na mahali kipande kimoja kinapokutana na kingine pana kosa, ua limekatwa nusu, mstari haukutani. Tafuta hilo kosa kwenye ukingo wa sahani yako. Ukilipata ujue kuna mtu alibandika kwa mikono. Ukiona rangi yote ni vidoti vidogo sawasawa vya mashine na ukingo unazunguka bila kiungo, hiyo ni stika ya karne ya 20.

mzee_wa_maktaba

Naongezea hapo kwa Geuza_Sahani kuhusu Uingereza. Kama kuna umbo la almasi chini, pembe nne na herufi au namba kila pembe na kiduara juu kimeandikwa IV, hiyo ni alama ya usajili wa mchoro, ilitumika 1842 mpaka 1883, na IV ndio daraja la vyombo vya udongo. Mpaka 1867 herufi ya mwaka iko pembe ya juu, kuanzia 1868 iko kulia. Baada ya hapo wakaacha almasi wakaanza kuandika Rd No na namba, 1884 wakianza na 1, na kufika mwanzo wa 1900 walishapita 350,000. Rejista zenyewe zimehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza huko Kew, London, na unakuta jina la kiwanda kilichosajili, wakati mwingine na mchoro wenyewe. Kwa hiyo mwenye Rd No ana mwaka wake kamili wa sahani.

Geuza_Sahani

Mzee wangu shikamoo, nakubali yote isipokuwa sentensi ya mwisho. Rd No ni mwaka mchoro uliposajiliwa, sahani ingeweza kuchapwa miaka mingi baadae kwa namba ile ile kama mchoro ulikuwa unauzika. Tuseme tu haiwezi kuwa kabla ya hapo. Na wasiojua watofautishe na namba ya mchoro ya kiwanda, ile mara nyingi imeandikwa kwa mkono na rangi, haina herufi Rd mbele, hiyo inasomwa kwenye vitabu vya kiwanda husika tu.

mzee_wa_maktaba

Marahaba kijana. Sawa kabisa, mwaka wa usajili. Vijana waandike hivyo hivyo kwenye kumbukumbu zao, wasiandike "imetengenezwa".

Mama_Pacha

Jamani mimi ya kwangu imeandikwa mwaka kabisa! Wedgwood, na chini yake 1759. Je nifunge kabati na kufuli?

Geuza_Sahani

Dada huo ni mwaka ambao Josiah Wedgwood alianzisha kazi yake, wanauweka kwenye muhuri kama historia ya kampuni. Viwanda vingi vina tabia hiyo na mara nyingi muhuri wa namna hiyo ni wa karne ya 20 au hii ya sasa. Angalia na maneno mengine, ukikuta wameandika inaruhusiwa mashine ya kuoshea vyombo au maikrowevu hapo tuko nusu ya pili ya karne ya 20 kuja huku.

Na kwenye jina hilo kuwa makini herufi kwa herufi. Wedgwood ya Josiah haina e katikati, ikiandikwa Wedgewood siyo wao. Kisha kuna Wedgwood & Co. wa Tunstall, kampuni nyingine kabisa, 1965 ikabadili jina ikawa Enoch Wedgwood, na 1980 ndio ikanunuliwa na ile kubwa. Meakin pia ni hivyo, kuna J & G Meakin wa Hanley na Alfred Meakin wa Tunstall, watu wanawachanganya kila siku. Spode wao kuanzia 1833 walikuwa mikononi mwa kina Copeland, kwa hiyo sahani imeandikwa Copeland mtu anaanza kutafuta kiwanda kipya kumbe ni Spode ile ile, jina la Spode lilirudi rasmi 1970. Hiyo miji yote, Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton, ndio imeungana kuwa Stoke-on-Trent, ukiona mmojawapo kwenye muhuri wako ujue uko kwenye moyo wa ufinyanzi wa Uingereza.

Kasuku7

Nimerudi. Vidole havionekani kwenye mwanga. Vidoti vitatu vipo, ukingoni ua limekatwa kwenye sahani nne, sehemu tofauti kila moja! Ila glezi ina nyufa nyembamba nyingi kama utando wa buibui, hiyo inaonyesha ni ya zamani si ndio?

Geuza_Sahani

Safi sana, basi ni udongo wa kawaida na mchoro wa kubandikwa kwa mkono, tumeshatoka mbali. Hizo nyufa zisikupe mwaka lakini. Zinatokea pale glezi na udongo visipopatana, baada ya tanuri kimoja kinasinyaa kuliko kingine, au udongo unanyonya unyevu unavimba taratibu halafu glezi inapasuka juu yake. Inaweza kutokea kwenye sahani mpya ikitoka tanurini na inaweza isitokee kwa miaka mia. Kinachoonyesha matumizi ni mikwaruzo ya visu mbele, inayopishana kila upande na kuzidi katikati, na ule mduara wa chini kuwa umesagika laini. Ikiwa kumechakaa sawasawa kila mahali hapo mtu kasugua makusudi.

Na sahani yenye nyufa hizo usiilie kila siku mkuu. Majimaji yanapenya chini ya glezi, ndio yale madoa ya kahawia ambayo hayatoki. Isitoshe glezi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, ile madini, na vitu vya uchachu kama ndimu, siki au nyanya vikikaa humo muda mrefu vinaitoa. Weka ukutani au kabatini, ukitaka uhakika peleka kipande maabara.

Chungwa_Kali

Hapo hapo kwenye usalama. Marehemu mama mkwe alikuwa na vyombo vya rangi moja moja, njano, bluu, kijani, na vya rangi ya chungwa kali, vina miduara imezunguka imeandikwa fiesta kwa chini. Mtu kaniambia vya chungwa vina mionzi. Ni kweli au kunitisha?

Geuza_Sahani

Ni kweli. Fiesta ni ya Homer Laughlin, ilitoka 1936, mbunifu wake Frederick Hurten Rhead, Mwingereza aliyehamia Marekani. Rangi ile wenyewe waliiita nyekundu na ilipatikana kwa oksaidi ya urani kwenye glezi. 1943 wakaisimamisha kwa sababu serikali ya Marekani ilihitaji urani kwa ajili ya vita, wakairudisha 1959 wakitumia urani iliyopunguzwa nguvu, ikaisha kabisa 1972. Kuviweka kabatini na kuviangalia hakuna shida, ila usivitumie kwa chakula wala kinywaji, hasa chenye uchachu. Na kwa historia ya familia yenu hiyo rangi ni zawadi, maana inakubana kwenye vipindi viwili tu. Ila Fiesta ilirudi sokoni 1986 na rangi zingine mpya, kwa hiyo angalia na hizo nyingine usije ukachanganya vya mama mkwe na vya baadae.

binti_wa_kwanza

Nimerudi na majibu. Nimempigia mama mdogo, amesema shangazi alihama nyumba mwishoni mwa miaka ya 80 na boksi la vikombe lilidondoka kwenye gari. Watoto wake wakachangishana wakamtafutia vingine. Hakuna aliyekuwa anajua hii habari kwetu sisi wadogo! Sasa nifanye nini ili isipotee tena?

Geuza_Sahani

Dada umemaliza kazi, muhuri na mdomo wa mama mdogo vimekutana. Sasa andika, leo hii kabla hujalala. Kila kipande kipe namba, piga picha mbele na nyuma, andika maneno ya muhuri kama yalivyo hata yakiwa na makosa ya herufi, kasoro zake, na nani alikuambia nini na lini. Yale uliyoyaona kwa macho weka sehemu yake, na yale uliyosimuliwa weka sehemu yake, yakikubaliana sema yamekubaliana. Karatasi weka ndani ya kabati na nakala kwenye simu za ndugu wawili. Usibandike stika kwenye sahani, hasa penye dhahabu, gundi ikitoka inatoka na dhahabu.

Tafuta pia picha za zamani za nyumbani, harusi, sikukuu, kipaimara, chochote ambacho watu wamekaa mezani. Watu huangalia sura, wewe angalia meza. Kama kuna picha ya kabla ya kuhama na vile vikombe vinaonekana basi unaona vile vya kwanza kabisa vya California. Na kama vyombo vilikuwa vimefungwa kwenye magazeti usiyatupe, tarehe ya gazeti inakuambia vilifungwa lini. Risiti, barua, kadi ya zawadi, vyote weka pamoja.

mzee_wa_maktaba

Na mhoji mama mdogo tena sahani zikiwa mbele yake, siyo kwa simu. Mpe kikombe ashike. Muulize kilikuwa kinakaa wapi, nani alikuwa haruhusiwi kukigusa, kilitolewa siku gani. Rekodi sauti kama ataruhusu.

Kasuku7

Wakuu mimi bado sijapata kiwanda, nifanyeje?

Geuza_Sahani

Willow bila muhuri inaweza isipate jina la kiwanda kamwe, na ni sawa. Pima kipenyo, andika umbo la ukingo, hesabu matunda ya ule mti mwingine wenye matunda na piga picha ya uzio wa mbele na ya lile daraja kwa karibu, maana kila kiwanda kilikata bamba lake na humo ndio tofauti zilipo. Halafu linganisha na vipande vyenye majina kwenye makumbusho, ile ya The Potteries iliyoko Hanley na V&A ya London zote zina vyombo vingi vya Staffordshire na picha zao zipo mtandaoni. Mpaka hapo andika hivi: Willow, udongo wa kawaida, mchoro wa kubandikwa kwa mkono, Staffordshire huenda, kiwanda hakijajulikana. Weka na picha za zile sehemu ua lilipokatwa, tuanze kulinganisha kutoka hapo.